Tundu Kwenye Pua ya Risasi

Walisema sitaweza. Mwalimu wangu wa Muthara alisema kichwa changu kimejaa uji wa mtama. Baba mkubwa alisema mtoto aliyelelewa na mama peke yake hana nguvu ya kuvuka bahari. Na hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, ambaye siku hizo alikuwa bado tarishi wa kubeba barua, alitangaza sokoni watu wakisikia: "Huyo akirudi na cheti, mimi nitatembea kwa mikono."

Nilirudi na diploma ya ufundi wa metali, kutoka Bombay, yenye muhuri mwekundu mkubwa kama kifuniko cha birika la chai. Katika tarafa nzima hapakuwa na nyingine. Hedimani aliendelea kutembea kwa miguu.

Kabla ya kusoma nilikuwa askari kule Burma, nikawekwa kwenye ghala la silaha kwa sababu niliweza kutambua aina ya risasi kwa kuipapasa tu. Wenzangu walibeba magunia. Mimi nilibeba funguo. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba, mambo yalipofika kwa mjomba, niliyasema kama mtu anayejua.

Mjomba, ndugu yake mama, aliishi chini kule joto linakoanzia, upande wa Tharaka. Alikuwa na mizinga ya nyuki katika bonde lenye chemchemi, na kila mtu alijua kwamba alichemsha pia sumu ya mishale. Wawindaji walitoka mbali kuja kuinunua. Hedimani alikuwa amelitaka bonde lile tangu alipopata cheo, na mjomba alikuwa amemjibu kila mara kwa kumpa asali na kumwonyesha njia ya kurudi.

Ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Wakati ule risasi moja mfukoni ilitosha mtu anyongwe, na watu walipekua hata viatu vya watoto wao kabla ya homgadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali, kuja kupekua. Asubuhi moja homgadi walishusha mzinga mmoja wa mjomba, wakatoa ndani yake risasi tano zimefungwa kwenye kitambaa. Na risasi zile hazikuwa kama walizozizoea. Kila moja ilikuwa na tundu kwenye pua, ile ncha yake ya mbele.

Pale kwenye kambi yao hakuna aliyesema amewahi kuona kitu kama hicho. Risasi walizopewa wao zilikuwa zimefungwa mbele, laini na butu kidogo. Hedimani alitazama tundu, akatazama chungu cha sumu cha mjomba, akaruka.

"Mnaona? Tundu ni la sumu! Huyu mzee anawatobolea watu wa msituni risasi na kuzijaza!"

Wote waliamini. Hata wanawake waliowalea watoto wao kwa asali ya mjomba waliamini. Kwetu kitu kinachoua kwa mbali hupakwa sumu mbele, na kikiwa na tundu mbele, basi tundu ni mahali pa sumu. Waliliona jambo hilo kuwa wazi kama jua. Sasa mjomba hakuwa tu mtu aliyekutwa na risasi. Alikuwa kiwanda cha risasi.

Bwana ofisa wa wilaya, Mzungu, akaamuru niitwe nithibitishe. Homgadi aliyetumwa kunileta alikuwa wa ukoo ambao sisi tuna gichiaro nao. Gichiaro ni undugu wa kiapo walichokula mababu. Mtu wa gichiaro humdanganyi, humnyimi akikuomba, humwingizi katika hatari. Watu wamekufa kwa kuvunja hilo, au wamekufa wakidhani ndicho kilichowaua, na sioni tofauti.

Tulipofika kwenye kijito nikasimama.

"Ndugu wa gichiaro," nikamwambia, "risasi zile zilitoka wapi?"

Akaweka bunduki yake chini. "Usiniulize hilo."

"Nimekwisha kuuliza."

"Wewe una ubaya kama baba yako. Zimetoka kwenye mfuko wa bwana ofisa. Mimi ndiye ninayembebea mfuko akienda kuwinda nyati. Hedimani alisema chukua, nikachukua. Mjomba wako si wa ukoo wenu, ni wa ukoo wa mama yako. Sikukukosea wewe."

"Ni nani aliyeziweka mzingani?"

"Umeuliza zilitoka wapi, nimekujibu. Mwenyewe unajua yaliyobaki." Akaokota bunduki. "Na ukilitaja jina langu kule, ni mimi nitakayenyongwa. Unajua hivyo pia."

Nilijua. Kiapo kilichomfungua yeye mdomo kilinifunga mimi. Nilikuwa na ukweli wote, nami sikuruhusiwa kuutumia hata kidogo. Ilinibidi nimwokoe mjomba kwa chuma peke yake.

Ofisini mjomba alikuwa amekaa sakafuni, amefungwa pingu, akinitazama kama mtu anayemtazama daktari asiyemwamini. Hedimani alisimama kando ya meza.

"Wewe ndio fundi ya diploma?" bwana ofisa akauliza. "Hedimani nasema hii shimo nawekwa dawa. Mzee natoboa. Kweli?"

"Bwana, naomba jiliwa la kubania na msumeno wa chuma."

Nikang'oa kichwa cha risasi moja kutoka kwenye ganda, nikamwaga baruti kwenye sahani, nikakibana kichwa na kukipasua kwa urefu. Nikaviweka vipande viwili mbele yake. Nje koti la shaba, ndani madini laini ya risasi, ya kijivu, na katikati tundu limeshuka limenyooka kama uzi. Ukingo wa shaba mdomoni umekunjwa ndani sawasawa pande zote.

"Mkono wa mtu hautoboi hivi," nikasema. "Ungeacha mikwaruzo, na tundu lingeenda upande. Zitazame nyingine nne. Ni mapacha. Hii ni mashine ya kiwandani, bwana, tena kiwanda kizuri."

"Na sumu?" hedimani akadakia. "Mwulize sumu!"

Sumu ya mishale ni chungu kuliko nyongo. Sisi sote tunalijua hilo tangu utotoni. Nikaziokota zile nne, nikaingiza ncha ya ulimi kwenye kila tundu, moja baada ya nyingine. Hedimani alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. "Si chungu," nikasema, nikameza mate na kuendelea.

"Tundu ni la kuifanya ifunguke. Ikiingia kwenye nyama inachanua kama ua la boga, mnyama anaanguka hapohapo, hakimbii na jeraha dogo. Risasi ya jeshi imefungwa, inapita. Mataifa yalikatazana kutumia hizi vitani kwa sababu ni katili mno kwa binadamu. Hii ni ya mnyama mkubwa. Ya nyati."

Nikageuza ganda. "Ganda la bunduki ya askari lina ukingo uliotokeza kwenye kitako. Hili halina, lina mfereji. Haliingii kwenye bunduki ya homgadi, wala kwenye bunduki yoyote iliyoibwa kwa homgadi. Mtu wa msituni angeifanyia nini?"

Bunduki ya nyati ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya kiti cha bwana ofisa. Sikuitazama. Niliyatazama mabuti yake. Akavuta droo alimoweka risasi zake, akachungulia, akaifunga taratibu.

"Hedimani. Toka inje."

Kupoteza risasi wakati ule kulikuwa kosa hata kwa mzungu. Jioni ile ikaandikwa kwamba risasi ziliokotwa njiani na mtu asiyejulikana. Mjomba akafunguliwa pingu. Hakuna aliyeulizwa zaidi, kwa hiyo na ndugu yangu wa gichiaro akasalimika. Hedimani alibaki na cheo chake, na watu walipohamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi vya serikali, bonde la chemchemi likawa lake. Mjomba aliishi kwenye kibanda kilichobanana na vingine, bila nyuki. Watu walisema ameokolewa na maombi. Hakuna aliyesema diploma.

Mimi nilipata barua ya kunifungia karakana yangu ya chuma, niliyoifungua niliporudi kutoka Bombay. Bwana ofisa alinieleza mwenyewe, kwa upole: "Mtu najua sana risasi, iko mbaya sasa."

Habari ikaenea, na siku iliyofuata wakaja walionikopesha nauli ya Bombay. Alikuja mwalimu yule yule wa Muthara, aliyenidharau lakini mwishowe akanikopesha, akaja mwenye duka wa Kangeta, akaja msafirishaji mzee Mwislamu wa Meru mjini. Waliogopa kuonekana kama watu walionisomesha. Mwalimu hakutaka hata kuketi.

"Tulimalize leo, mbele ya mashahidi," alisema. "Si ubaya, mwanangu. Unaelewa hali."

"Naelewa. Chukua baiskeli."

Mwenye duka alichukua fuawe na mvukuto. Msafirishaji aliona haya. Alisema atangoja, nikamwambia asingoje, nikampakilia jiliwa kwenye lori kwa mikono yangu mwenyewe. Akanishika bega, akasema, "Mungu anajua, kijana," akapanda haraka kabla hedimani hajapita. Kufika jioni nilikuwa nimemlipa kila mmoja, na karakana ilikuwa imebaki sakafu.