Hakika ya Kinyozi

Mdogo wangu wa kiume ni kinyozi. Watu wamemzoea kwa jina la Mkono wa Pamba, maana ukikaa kwenye kiti chake unaweza kusinzia wembe ukiwa shingoni. Sukari ndiyo iliyosababisha akatwe mguu, chini ya goti, akapewa wa bandia. Kidonda kilipona vizuri, namshukuru Mungu. Ikabaki hofu, na hiyo aliifunika mwenyewe.

Siku ya kupimwa kama mazoezi ya kutembea yametosha, tulimsindikiza mimi na wifi yangu, mkewe. Mtaalamu wa mazoezi, binti wa sauti ya chini, alieleza kwamba kila swali lijibiwe kwa namba: sifuri ni kutojiamini kabisa, mia ni kuwa na hakika kwamba hutaanguka. Ukizunguka ndani ya nyumba? Ukiinama kuokota ndala? Ukipita sokoni watu wakikusukuma? Ukisimama juu ya kiti ili ufikie kitu?

Mdogo wangu akajibu mia kwa yote, hata hilo la kiti, ambalo mimi mwenye miguu miwili nisingethubutu. "Kwa uwezo wa Mungu, mia," alisema, na wifi akawa anaitikia amina. Nilimwelewa. Kwetu tumelelewa hivyo: ukiulizwa kama una hakika, ukataja pungufu, ni kama umemtilia Mungu shaka. Na mkeo akiwa amekaa pembeni, ndiyo kabisa.

Binti akampongeza, akasema mazoezi yametosha, nafasi yake apewe mgonjwa mwingine, yeye arudi kazini.

Kazini alirudi, lakini alikaa kwenye benchi la wateja, akasalimia watu na kusifia vichwa vilivyonyolewa na wenzake. Nyumbani, wifi aliniambia, alikuwa hanywi maji mchana ili asiende chooni. Mwenye kibanda akaanza kuuliza kama kile kiti ampe mtu mwingine.

Siku moja nimempelekea chakula, mteja mmoja akamtania kwamba siku hizi ananyoa kwa macho. Wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akainuka, akamfunga yule mteja kitambaa shingoni.

Kinyozi hasimami mahali pamoja. Anakizunguka kiti, anainama, anaulemea mguu huu, anahamia ule. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Alipofika nyuma, wembe uko chini ya sikio, goti likaanza kucheza. Aliuondoa wembe taratibu, akauweka mezani, akasema amesahau dawa nyumbani. Mteja akabaki na kichwa kama shamba lililopaliliwa na mvivu, mpaka kinyozi mwenzake alipommalizia.

Njiani aliniambia, "Dada, kuanguka siogopi sana. Naogopa kuanguka na shingo ya mtu."

Nikamrudisha kwa yule binti, na wifi akaja pia, hajaambiwa kitu. Binti hakukasirika. Alisema Mungu wote tunamwamini, ila yeye anauliza habari za goti. Akaongeza swali lake mwenyewe: ukizunguka kiti, umeshika wembe?

Nikaanza kumwombea moyoni.

"Kumi," akasema. "Na sokoni siendi kabisa. Hapo andika sifuri."

Wifi akamgeukia. "Na mbele ya Mungu nako ni kumi?"

"Mbele ya Mungu ndiko nisikoweza kusema mia, mama."

Wifi akachukua mkoba wake, akatoka. Binti akasema mazoezi yaanze upya, ya kugeuka na kuhamisha uzito ameshika vyuma vya kujiegemeza, na wembe asiushike kwanza. Mpaka lini, hakusema. Kwa hiyo kile kiti tulijua kimekwenda.

Nje pana mteremko mpaka getini. Wifi alikuwa ameshafika chini, ametupa mgongo. Mdogo wangu akasimama juu, akautazama mteremko kama mtu anayetazama mto uliofurika. Tangu akatwe mguu hakuwahi kuniomba msaada wowote.

"Dada," akasema, "niazime bega."

Nikamsogezea. Akanilemea kwelikweli, na hapo ndipo nilipojua jinsi mwili wake wote ulivyokuwa ukitetemeka.