Mgomba wa Jirani

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni aibu kusema. Jirani yangu pale Izimbya alipoziba kwa matawi kijia kinachokatiza kibanja chake cha migomba kwenda kisimani, nilijua kuna jambo. Miaka yote tulipita pale, tukimsalimia, tukimwomba majani ya kufunikia ndizi jikoni. Sasa anasema eti kuku wa watu wanafukua mbolea yake. Kuku! Tangu lini?

Nikaanza kumchunguza. Hatoi tena mikungu barabarani kuuza. Akikuona unatazama upande wa migomba yake, haraka haraka anakuuliza habari za wajukuu. Nikajiambia, huyu ana mnyauko, ule ugonjwa unaomaliza migomba kibanja kizima, na anauficha ili bwana shamba asije akaamuru ikatwe. Nikaingiwa na hofu ya kweli. Kibanja nilichoachiwa na marehemu mume wangu ndicho kinachonilisha, na kaburi lake limo humo humo.

Jumapili moja alipokwenda kanisani, mimi nikasingizia mgongo. Nikaruka matawi yake, panga mkononi. Mgomba wa kwanza tu ulikuwa na majani ya njano. Nikalikata shina. Mawe, mama yangu! Usaha ukatoka taratibu, mzito, wa njano. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba sikukosea. Nikafuta panga kwenye nyasi, nikarudi nyumbani, nikapogoa majani ya migomba mitatu nyuma ya jiko.

Baada ya wiki kadhaa ile mitatu ikaanza kunyauka. Nikapiga kelele kitongoji kizima kisikie: jirani kaniletea ugonjwa! Bwana shamba akaja, jirani akaitwa, na watu wakajaa uani kwangu. Bwana shamba akaenda kwanza mpakani na jirani. Migomba yangu ya huko ilikuwa mizima, kijani kabisa.

"Ajabu," akasema. "Kwako umeanzia jikoni. Na ugonjwa huu husafiri na panga. Mama, nani huwa anakata hapa?"

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

"Nakata mwenyewe," nikasema. "Na panga langu halitoki nje ya kibanja hiki."

Jirani akavua kofia. Akakiri mbele ya watu wote kwamba ni kweli aliuficha mnyauko, kwa kuogopa kukatiwa migomba. Labda ni ndege waliouvusha, alisema, labda nyuki, lakini umetoka kwake. Kisha akaninyooshea mkono, mzee mzima, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, waitu, ndugu yangu. Nimekuharibia kibanja cha mumeo."

Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikaushika mkono wake, nikamwambia nimemsamehe.