Beseni la Maji Kidogo

Kwenye maabara walimwita Mama Viluwiluwi, naye aliitika bila kununa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwalea watoto wa chura: akiwachemshia mchicha, akiwabadilishia maji, akimchagulia mtafiti wale wenye kasoro ya masikio. Ndani ya sikio la kiluwiluwi mna vijiwe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinavyomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Vikikosekana, maskini anaogelea ubavu ubavu na kuzunguka palepale.

Jicho lake halikuwa na mchezo. Alisimama mlangoni tu akasema, "Yule wa tatu anaenda mrama," na hadubini ikaja kumpa haki. Wagonjwa hao aliwahamishia kwenye beseni la maji kidogo, wasichoke kupanda juu kuvuta pumzi. Hakuna aliyemwagiza. Aliwaonea huruma.

Mumewe alikuwa mpaka rangi, mtu wa ngazi na mizaha. Mwaka jana akaanza kukataa kazi za juu. Kisha akawa anagusa ukuta akipita sebuleni, na akiinuka kitini anayumba.

"Umekunywa wewe," mkewe alimwambia.

"Sijaonja kitu, mama. Nyumba ndiyo inazunguka."

"Nyumba yangu haijawahi kulewa!"

Basi kila jioni akawa anamnusa mdomo. Alinusa chai tu, lakini hakusadiki. Hasira zilishamfumba macho. Habari ya hospitali hakuitaja. Alimhamishia chumba cha ghorofani, alale huko mpaka ajirekebishe. Mzee wa watu akachukua mto wake, akapanda polepole huku amejibana ukutani.

Asubuhi moja akashuka kuja kunywa chai, akaanguka kutoka ngazi ya juu mpaka sakafuni. Hakuamka tena. Daktari aliuliza maswali mengi, kisha akasema kwa upole kwamba huenda lilikuwa sikio, ile sehemu inayomweka mtu sawa. Mara nyingi hutibika.

Wiki ya tatu Mama Viluwiluwi alirudi kazini. Akiwa bado mlangoni, alimwona mmoja ameinamia upande. Akamchota taratibu, akamtia kwenye beseni lake, akabaki amesimama na mikono inachuruzika maji.

"Hawa niliwapunguzia maji," alisema peke yake, machozi yakimtoka, "wewe nikakuongezea ngazi."