Mafuta ya Mtoko

Mdogo wangu alizaliwa na ualbino, na mama alimpenda kuliko sisi wote. Sisemi kwa wivu. Ndivyo ilivyokuwa, na nyumba nzima pale Temeke ilijua.

Kliniki walimpa mafuta ya kuzuia jua, chupa mbili kila alipokwenda. Mama aliyaona ni kitu cha thamani, akayafungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Yakawa mafuta ya mtoko: harusi, Idi, siku ya kupiga picha. Siku nyingine zote mtoto alipakwa mafuta ya nazi ang'ae, na mawingu yakitanda hata kofia hakuvaa. Nilipofika umri wa kusoma maandishi ya kwenye chupa, nilimwambia mama yapakwe kila siku. Akanijibu, "Yakiisha utamletea wewe?" Mimi nami ni mtu wa kususa tangu utoto. Nikasusa, sikulisema tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alipokua alipata kazi kwenye yadi ya makontena Kurasini, kuandika namba za malori getini. Kutwa juani. Kidonda kikamtoka sikioni, kinakauka, kinarudi. Sisi tukakiita upele, tukakipaka hiki na kile. Tulipompeleka hospitali tukaambiwa ni saratani ya ngozi, na imeshashuka shingoni.

Daktari aliuliza, "Mafuta ya jua alikuwa anapaka kila siku?"

Mama alifungua mdomo. Mdogo wangu akamuwahi.

"Mama alikuwa ananipa, dokta. Mie ndo mvivu."

Daktari akamgombeza taratibu, na mdogo wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akaitikia "ndiyo, dokta" kama mtoto wa shule. Mama alitazama sakafu. Nilitaka kusema ukweli, lakini ningeanza kumsema nani, mama au mimi niliyesusa? Tukarudi nyumbani.

Hakumaliza mwaka.

Siku ya msiba wanaume walikuwa wameshatoka kwenda kuzika. Jirani yetu mmoja, aliyekaa mkekani karibu na mama na aliyekuwa amesikia yale ya hospitali, akatikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi wabishi jamani. Unampa mafuta, hapaki."

Mama ndiye aliyejibu, na chumba kizima kilimsikia.

"Alikuwa anapaka kila nilipompa," alisema. "Mie ndo nilikuwa simpi."