Sauti Kati ya Matundu

Siku yangu ya kwanza kazini, Lubumbashi, sikuruhusiwa kugusa kitu. Mkuu wa chumba cha ukaguzi wa filamu alinivalisha glovu za pamba, akainua kipande cha filamu mbele ya taa, akanipa kioo cha kukuzia.

"Angalia kati ya matundu, Zaina. Unaona nini?"

Matundu hayo hupangwa pembeni mwa filamu. Meno ya mashine huyashika ili kuivuta. Kati yake niliona vimraba vya kijivu vilivyojaa nukta, kama pilipili manga iliyomwagika.

"Uchafu, Chef."

Alicheka. "Hapana. Ile njo sauti yenyewe. Mutu anasema, gari inapita, ndege analia nyuma yako: yote iko mule."

Nilitazama tena, nikasahau kushusha mkono. Nilikuwa binti wa muuza chumvi wa Kindu, na sikujua kwamba sauti inaweza kukaa kimya namna ile.

Filamu zile zilibeba sauti mbili. Ya zamani ilikuwa mstari mwembamba kando ya picha. Mpya, ya dijitali, tuliyoiita numeriki, ilikuwa ndani ya vile vimraba. Mashine ikishindwa kuvisoma, hukimbilia mstari wa zamani, na ukumbi mzima husikia sauti ikisinyaa. Kazi yangu ilikuwa kujua kwa nini. Mkuu alinifundisha kwamba kasoro ikitokea kwenye picha ileile kila mara, ugonjwa uko ndani ya filamu. Ikitangatanga, fungua mashine: kioo kina vumbi, au taa ya kusomea imechoka.

Miaka michache baadaye vita vilinikuta Kindu, nilikokuja kumzika baba. Reli ikakatika, mashua zikafungwa bandarini, nikabaki. Mkuu wa stesheni, ambaye hakuwa tena na treni ya kupokea, alisimamia ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Vita vilipoelekea mwisho, kikundi cha sinema ya kuzunguka kilitua kwa ndege na mashine, spika na filamu moja. Mkuu huyo wa stesheni aliniita nimsaidie opereta wao, kijana wa Kinshasa mwenye mikono mitulivu.

Tulionyesha mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Katikati, mzee katika filamu aliinua kibuyu anywe maji. Sauti ikasinyaa, halafu: pa!

Ukumbi wote ulilala chini. Kisha wakakimbilia mlango, wakikanyagana. Muuza mkate mmoja alivunjika mkono. Komanda wa mji alikuja akiwa amekunja uso.

"Kesho kishindo ile ikirudia, ninafunga hii nyumba. Watu wamechoka kulala chini."

Opereta alidhani kifaa cha kusomea kimelegea. Nikamwomba tuonyeshe tena, ukumbi ukiwa mtupu. Pa! Kibuyu kilekile. Tukarudia. Kibuyu kilekile.

"Basi iko ndani ya filamu, Mama Zaina," akasema.

Tuliilaza mezani. Mtu fulani, katika ukumbi tusioujua, aliunga mpasuko kwa utepe mnene wa manjano, gundi ikafunika vimraba. Mashine ilipokosa kusoma, ilikimbilia mstari wa zamani, na hapo ndipo ukingo wa kiungo ulipopita mbele ya taa. Mwanga ulikatika ghafla, spika zikalia: kishindo kilikuwa hicho tu.

Opereta alibandua utepe huku nikilowesha gundi kwa spiriti kutoka dispensari. Vimraba vikaibuka kimoja kimoja, vizima isipokuwa palipopasuka. Tukaunga upya kwa utepe mwembamba unaopitisha mwanga. Kwenye mstari wa zamani nilipaka wino mweusi kwa mshazari, ili hata mashine ikikimbilia pale isilie.

Kesho yake watu walirudi, wachache, wakikaa karibu na mlango. Komanda alisimama ukutani. Mzee akainua kibuyu. Nikashika ukingo wa kiti.

Ngurumo ilianza nyuma yetu, mbali, ikaja juu ya vichwa, ikashukia mbele, na mvua ikafuata pande zote. Watu waligeuka, wakatazama dari. Komanda alivua kofia. Mwanamke mmoja akatoka mbio kuanua mihogo yake, mara akarudi anacheka.

"Inje jua iko kali! Mvua iko humu ndani tu!"

Hakuna aliyelala chini.

Baada ya vita nilirudi Lubumbashi, nikakagua filamu mpaka zilipokoma kuja, kisha nikarudi kuishi Kindu. Leo sinema hufika katika kisanduku kisicho na matundu, na vijana wa Kindu huzitazama kwenye simu. Siwalaumu, sauti yao ni safi. Wakiniuliza nilifanya kazi gani, huwaeleza nukta na wino, nao huitikia kwa adabu. Kisha huwaambia habari ya mchana ule: kwamba katika miaka ile kishindo kikubwa kilipita juu ya watu wa mji huu, nao wakabaki wameketi, midomo wazi, wakingoja kingine.