Gari Lililokaguliwa kwa Pua

Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia gari. Nimerudi Kigoma kikazi baada ya miaka mingi, watoto wangu ni watatu, na bodaboda haiwezi kutubeba wote pamoja na mume wangu na kitambi chake. Nikaambiwa kuna kijana mtaa wa Buzebazeba anauza saluni ya viti vitano, imetumika lakini haijachoka. Nikamchukua fundi, tukaenda. Fundi akafungua boneti, akasikiliza injini, akalala chini kutazama shokapu. Mimi nilisimama pembeni na mkoba wangu, nikijifanya naelewa. Kisha akazunguka nyuma, akafungua buti, akavua kofia na kuanza kuinama. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Nikamwambia asubiri, nikaomba kiti.

Naomba nikuache hapo kwanza, rafiki yangu, buti likiwa wazi na fundi kashika kofia mkononi, nikupeleke kwenye ua mwingine wa Buzebazeba hii hii. Ilikuwa miaka ya wakimbizi kutoka Burundi. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Baba alikuwa mpima ardhi, amehamishiwa huku kutoka Iringa. Mama alikuwa mwalimu, na uhamisho wake ulikuwa unashughulikiwa. Neno hilo, kushughulikiwa, nililisikia mpaka nikalichukia. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu nyumbani, na asubuhi baba akiondoka na fito zake na mnyororo wake wa kupimia, nilibaki mmoja. Shuleni wenzangu walicheza kwa Kiha, na nikifungua mdomo walicheka lafudhi yangu ya nyanda za juu. Nikirudi naufukua ufunguo chini ya jiwe, nakula maharage ya mawese yaliyopoa, ambayo ulimi wangu ulikuwa bado haujayazoea, kisha nakaa kizingitini kusikiliza bati la paa likialika kwa jua. Mji ulikuwa umefurika. Malori yalipita na watu na magodoro, magari meupe yenye nyaya ndefu za redio yalipishana barabarani, na sokoni ulisikia lugha tano kabla hujafika kwenye nyanya. Katika watu wote wale sikuwa na hata mmoja wa kucheza naye. Sitii chumvi. Kuna siku nilizungumza na ndoo.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kiha, mjane, mfanyabiashara wa dagaa. Uani kwake kulitandazwa dagaa siku zote, na harufu ile ilikuwa kwenye mapazia yetu, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye mkate. Ukikaa wiki mbili Kigoma huisikii tena. Mchana mmoja gari likaingia uani kwa bibi, rangi ya chai ya maziwa, usukani kushoto, limejaa vumbi la barabara ya mpakani, Manyovu, hata vioo havionyeshi. Akashuka mwanamume mwenye koti na tai, mkewe, watoto wadogo wawili, na msichana wa rika langu. Watu walisema yule baba alikuwa mwalimu Bujumbura. Bibi aliwapa vyumba viwili vya uani bila kuuliza mengi.

Yule msichana alinisogelea akasema, “Amahoro.” Sikujua kinachojibiwa, nikamwambia, “Shikamoo.” Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu tushuke kwenye treni.

Kuanzia siku hiyo tuliishi ndani ya gari lile. Lilikuwa limeegeshwa kando ya ua, halina mafuta, na mwenyewe alituruhusu ilimradi tuvue viatu. Mwenzangu alikuwa akiliita umuduga wa papa, gari la baba. Viti vilikuwa vya kitambaa cha kahawia, vikipata joto vinanukia sabuni na biskuti. Tulizungusha mikono ya vioo, tukashusha, tukapandisha. Akishika usukani yeye tulikwenda Bujumbura kuchukua wanasesere wake aliowaacha. Nikishika mimi tulikwenda Iringa kumchukua mama. Tulifika kila siku, na kila siku mama alikuwa tayari amefunga mizigo. Tukichoka tulijificha kwenye buti, maana kufuli lake lilikuwa bovu.

Sasa nije kwa baba yangu. Baba hakuwa mkono wa birika, lakini alikuwa mtu wa kupima. Hakuwahi kununua hata ndala bila kurudi dukani mara tatu. Alipopata habari kwamba mgeni anauza gari, macho yalimng'aa, kwa sababu alitaka mama akishuka stesheni akute gari lake linamngoja. Basi akaanza kulikagua, Jumamosi baada ya Jumamosi, pamoja na fundi mmoja mzee wa Ujiji. Jumamosi ya kwanza walilizunguka tu. Fundi alipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye milango, kutafuta palipozibwa kwa puti na kufunikwa rangi. Baba alibonyeza pembe za gari kwa kiganja na kuhesabu linavyodunda. Jumamosi ya pili walifika alfajiri na kidumu cha mafuta kuliwasha likiwa baridi, wakachungulia rangi ya moshi. Yote baba aliyaandika kwenye daftari: tairi la nyuma kulia limelika upande, klachi inashika juu, rejeta safi. Mwenye gari alisimama na tai yake wakati wote, anajibu alichoulizwa, haongezi neno.

Jumamosi ya tatu walilijaribu barabarani, mpaka Simbo na kurudi, nasi wawili tukapewa kiti cha nyuma. Sijui kama niliwahi kuwa na siku nzuri kuliko ile. Vioo viko chini, vumbi jekundu linaingia, baba kashika usukani wa kushoto kwa woga wa bwana harusi, fundi anasikiliza gia na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Simbo tulinunua mahindi ya kuchemsha, tukayala ndani ya gari tukiwa tumekumbatana mabega. Nilikuwa namhesabia mwenzangu mahali tutakapokwenda gari likishakuwa letu: forodhani, Kibirizi kwa wavuvi, kituo cha treni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, “Likiuzwa, sisi tunapanda meli ya Mpulungu. Mjomba yuko Zambia. Papa anasubiri hela ya gari tu.”

Mpaka dakika ile nilidhani tunanunua gari lao na wao wanabaki palepale, kwenye vyumba viwili vya bibi.

Tuliporudi, fundi alimwambia baba kwamba gari ni zima, limebaki jambo moja tu, atalifanya Jumamosi ijayo ndipo wapeane mikono. Nikamwuliza ni jambo gani. Wazee wa kazi hupenda kuulizwa, akanieleza kwa kirefu. Gari la mji huu, alisema, humalizia kukaguliwa kwa pua. Gari likibeba dagaa wabichi kutoka Kibirizi, maji yake huingia chini ya zulia la buti, bati huoza kutoka ndani, na ile harufu haitoki maisha. Utaosha kwa sabuni, utapulizia manukato, jua likipiga inarudi. Na zaidi ya bati, alisema, buti linakuambia kama mwenye gari ni mkweli. Huyu anadai limebeba familia yake tu. Tutaona.

Unajua tayari nilichofanya, na mimi sitajificha.

Ijumaa ile mchana bibi aliletewa dagaa wabichi, akaniita nimsaidie kuwaosha, kwa vile mwenzangu alikuwa amekwenda na mama yake kuchota maji. Nilimwaga maji ya kwanza, ya pili nikayabakiza kwenye kopo la maziwa, pamoja na dagaa kiganja kimoja. Bibi alipoingia ndani kuswali, nilifungua buti, nikanyanyua zulia, nikamimina. Sikuona kwamba namwibia mtu. Niliona nazuia meli.

Jumamosi mwenye gari aliamka mapema akaliosha nje mpaka likametameta. Harufu hakuisikia. Angeisikiaje, dagaa wa bibi wakiwa wametandazwa hatua tatu kutoka hapo? Jua lilipopanda wakaja. Baba alikuwa amevaa shati lake jeupe la mikutano. Fundi akafungua buti, akavua kofia, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka hakumtazama mtu. Alinyanyua zulia, akaokota dagaa mmoja, akamweka kwenye kiganja cha baba.

Baba alikuwa muungwana, hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama gari hili limewahi kubeba dagaa.

“Oya, hapana mzee,” mwenye gari alisema. “Halijabeba hata samaki mmoja. Limebeba watoto wangu na mama yao.”

Alikitazama kile kiganja, kisha akageuka, akatutazama sisi wawili tuliokuwa tumesimama karibu na mlango. Akamuuliza binti yake kitu kwa Kirundi. Mwenzangu aliangalia mikono yangu. Halafu akaangalia uso wangu. Alijua, naapa alijua, kwa sababu ni sisi wawili tu tuliozoea kuingia kwenye buti lile. Nilimsubiri anitaje. Yeye akamgeukia baba yangu, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, “Ni mimi, mzee. Nilikuwa nacheza.”

Fundi alitabasamu kwa huruma, akamwambia baba kwa sauti ya chini, “Mtoto kafundishwa, Bwana Mpima. Nimeyaona mengi.”

Hapo ndipo palikuwa pangu. Mimi nilikuwa binti wa mnunuzi, sikuwa na faida yoyote ya kulitetea gari lile. Katika watu wote waliosimama uani, mimi ndiye pekee ningesadikiwa. Sentensi moja ingetosha. Nilijikausha. Niliona mwenye gari akimshika binti yake bega, akafunga buti taratibu, akakaza tai yake ambayo haikuwa imelegea. Baba akamshukuru kwa muda wake na tukaondoka kwa miguu, nyumba ya pili tu, lakini ilikuwa safari ndefu.

Habari zilienea, maana Buzebazeba haina siri. Mgeni wa bibi anauza gari la dagaa na anawafundisha watoto uongo. Hakuna mtu mwingine aliyekuja kulitazama isipokuwa mchuuzi wa Kibirizi, ambaye harufu haikumsumbua, na aliyelichukua kwa bei aliyoitaka yeye. Fedha ile haikufika hata nusu ya nauli na vibali vya watu watano mpaka Zambia. Haukupita mwezi, lori likaja kuwachukua kwenda kambini. Mwenzangu alikaa nyuma kabisa, miguu inaning'inia. Tangu ile Jumamosi hakuwa amenisema kwa mtu, wala hakuwa amecheza nami. Nilinyanyua mkono. Aliniangalia mpaka lori likakata kona, mikono yake ikiwa mapajani. Nilirudi kizingitini kusikiliza bati.

Gari niliendelea kuliona, likipita kutoka Kibirizi na tenga kwenye buti lililo wazi, maji yakichuruzika barabarani. Mwaka haukuisha, bati lake likaoza kutoka ndani kama fundi alivyosema.

Uhamisho wa mama haukuwahi kufika. Tulihamishwa sisi, tukarudi Iringa kwa treni na basi. Na huko ndiko kulikonimaliza, rafiki yangu, kwa sababu baba aliigeuza ile Jumamosi kuwa hadithi yake. Kila akija mgeni aliisimulia: jinsi Mrundi mmoja mwenye tai alivyotaka kumuuzia gari la dagaa, na jinsi pua ya mzee wa Ujiji ilivyomwokoa. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilikuwa nachukua vyombo na kwenda jikoni. Niliahidi moyoni nitamwambia nikimaliza shule, kisha nikiolewa, kisha akipona. Hakupona. Siku ya tanga mjomba wangu aliisimulia tena, watu wakacheka machozi yakiwa machoni. Katika ukoo wetu yule mwalimu ni mwongo mpaka leo.

Nimepita kwenye ule ua tangu nirudi. Bibi alikwishafariki, vyumba viwili vya uani vimevunjwa, kuna duka la vipuri vya bodaboda. Niliuliza kama kuna anayekumbuka familia iliyokuja na gari la rangi ya chai ya maziwa. Watu wa umri wangu waliniuliza familia ipi, maana zilikuwa nyingi mno. Jina la mwenzangu ninalo, lakini sijui nilipeleke wapi.

Sasa turudi kwa kijana na buti lake. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki alichoniletea, fundi bado kainama nusu, ananisubiri nitoe ruhusa. Kijana akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akafuta mikono kwenye suruali, akaniambia, “Mama, hili gari ni la marehemu baba yangu. Halijabeba dagaa hata siku moja. Limebeba sisi tu.”

Nilimwambia fundi avae kofia yake na afunge buti. Alinong'ona kwamba hiyo si kazi, kwamba nitakuja kumlaumu. Nikasema afunge.

Kisha nikainuka, nikamtazama yule kijana machoni, nikamwambia ninamwamini. Alishangaa, maana hakuwa amemaliza kujitetea. Akashukuru, akashukuru tena, na mimi nikawa namwitikia huku machozi yananitoka, kwa sababu neno lile la kuamini halikuwa lake, lilikuwa la yule mwalimu mwenye tai.