Kumtembeza Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alitoka Walungu kuja kumhudumia mke wangu baada ya kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Alikaa kwetu Kadutu, mtaa wa mlimani mjini Bukavu, wiki tatu. Katika wiki ya tatu mvua ikakizoa choo cha jirani, kikaporomoka bondeni pamoja na mlango wake, na mama mkwe akatangaza kwamba akirudi kwao ataondoka na binti yake na mjukuu. Kwenye mteremko ule, alisema, hawezi kuacha hata mbuzi.

Nilikasirika. Nyumba ile ya mbao baba aliniachia, na nilizaliwa humo humo. Nikamwambia mke wangu: mama yako hajauona mji, ameona matope ya uani tu. Acha nimtembeze siku moja, auone uzuri wa Bukavu, na atawaacha hapa. Mke wangu alicheka mpaka mtoto akaamka, kwa sababu kwetu sisi Bashi mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana: hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja. Mtembeze basi, akasema, lakini sijui utamtembezaje.

Tulipanda pikipiki mbili, yake mbele, yangu nyuma. Tulianzia kanisa kuu, kisha tukashuka hadi kwenye rasi, zilipo nyumba za zamani za Wabelgiji, zenye vibaraza vya duara na bustani zinazoteremka mpaka ziwani. Nilizieleza kwa majivuno, utadhani nilizijenga mwenyewe. Mama mkwe alitembea hatua kumi mbele yangu, akaniuliza maswali huku ameielekea miti.

"Hii ukuta ya mawe iko ya nini?"

"Inashikilia udongo, Maman. Bazungu balijenga."

"Na maji ya mvua inapitaka wapi?"

Mimi nilitaka atazame maua. Yeye aliinama juu ya mfereji, akachokoa majani kwa ncha ya mwavuli wake, akafuata njia ya maji kutoka lango hadi lango. Mlinzi mmoja akatoka kutuuliza tumepoteza nini. Niliona haya, nikaenda kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, waliokaangwa wakakauka. Tulikula tumepeana migongo, yeye akilitazama ziwa, mimi nikiitazama barabara, na wapita njia bila shaka walidhani tumegombana.

"Iko tamu," akaliambia ziwa. Nikapata moyo.

Nikakodi mtumbwi. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yangu ya mwisho, maana sijaona mtu aliyeitazama Bukavu kutoka majini asiipende. Mama mkwe alikaa mbele, mimi nyuma, mpiga kasia katikati. Ziwa lilikuwa limetulia. Jua la saa tisa lilizipiga rasi na bustani zake, na mimi mwenyewe nilisikia raha hata nikasahau kilichonileta. Naye alitia mkono mmoja ndani ya maji.

"Na kwenu iko wapi?" akauliza.

Nikageuka kuitafuta Kadutu juu ya mji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: maisha yangu yote nimelitazama ziwa kutoka nyumbani, wala sikuwahi kuitazama nyumba kutoka ziwani. Niliona mabati juu ya mabati, hakuna mti, hakuna ukuta hata mmoja wa mawe, na katikati yake mchirizi mwekundu wa udongo, pale choo cha jirani kilipopita. Nikahesabu mapaa kuanzia pale, nikahesabu tena. Mchirizi ule ulifika mpaka kwenye pembe ya chumba tunacholala. Saa ile mwanangu alikuwa amelazwa humo.

Nilinyoosha kidole, nikakishusha.

"Iko ile ya pembeni, Maman," nikasema. "Ile yenye iko karibu kuanguka."

Mpiga kasia aliinua kasia, tukawa tunaelea tu. Nikajikaza.

"Maman, kesho mubachukue. Mutoto na mama yake. Muende nabo Walungu mpaka nipate kiwanja ingine."

Nilitegemea agune, au walau acheke kidogo, kwani ushindi ulikuwa wake. Aliendelea kuutazama mlima.

"Na weye," akauliza, "utalala wapi?"

Wiki nzima nilikuwa nimegombana na mwanamke yule kichwani mwangu, nikiamini anataka kuwaokoa watu wake wawili. Haikunipitia akilini kwamba alikuwa akihesabu watatu. Nililia pale mtumbwini, mtu mzima mimi, na mpiga kasia akajifanya anatafuta kitu ndani ya maji.